Mpiga Mbiu na Daraja la Jumbe Ndaro

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa pembe, ikapulizwa, ikalia!
Ililia kweli, au ililia uongo?
— Tuambie wewe, sisi tumekaa!

Basi kaeni vizuri. Wewe mwenye mtoto, mgeuzie huku naye asikie.

Hapo kale, katika mji wa Kwamvuto, paliondokea mwanamke akiitwa Mashavu binti Chande. Kazi yake ilikuwa kupiga mbiu. Aliachiwa ile pembe na baba yake, na pembe ndiyo iliyomlisha yeye na mdogo wake, Sikudhani. Jumbe alisema, Mashavu akapuliza. Buu! Buu! Buu! Watu wakatoka majumbani, naye akawaambia alichoambiwa.

Mbiu ilikuwa na sheria yake: haiongezi, haipunguzi. Mpiga mbiu akiongeza neno kwenye maneno ya Jumbe, ananyang'anywa pembe.

Na Jumbe mwenyewe ni nani? Jumbe Ndaro. Ndaro, yaani majigambo. Msicheke, ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Siku moja Jumbe Ndaro akamwita Mashavu. "Tangaza. Kisima kimejaa maji."

Mashavu akaenda njia panda. Buu! Buu! Buu! "Jumbe amesema, kisima kimejaa maji!"

Wanawake wakabeba mitungi, wakashuka bondeni. Wakachungulia. Kisima kilikuwa kikavu, chura amekaa katikati kama mwenye nyumba. Bi Mboni, jirani yake Mashavu, akarudi na mtungi mtupu na maneno tele.

"Mashavu, mbiu yako imesema kisima kimejaa!"

"Sikusema kimejaa, Bi Mboni. Nilisema Jumbe amesema kimejaa."

"Ahaa. Basi leo nitapika ugali kwa 'amesema'. Utakuja kula?"

Wengine wakalalamika kwa Jumbe. Jumbe akashangaa kweli kweli. "Hakina maji? Mbona nimesikia kwa masikio yangu mbiu ikitangaza kimejaa?"

Mnaona? Uongo ulitoka mdomoni mwake, ukazunguka mji, ukamrudia umevaa nguo mpya. Akaupokea kama mgeni.

Haukupita muda, Jumbe akamwita tena. "Tangaza. Nyani wamehama mashambani."

Mashavu akajiambia, safari hii nitawatendea haki watu wote. Akawauliza wakulima. Kisha akaenda njia panda. Buu! Buu! Buu! "Jumbe amesema, nyani wamehama! Wakulima wamesema, nyani wapo!"

Akarudi nyumbani moyo mweupe. Hakuongeza, hakupunguza. Kila mtu kapewa nafasi yake.

Watu wa Kwamvuto wakakaa, wakafikiri. Mmoja kasema wapo, mwingine kasema hawapo. Wakaamua kwamba ukweli lazima uwe katikati. Basi wakalinda nusu ya shamba. Nusu nyingine wakaiacha.

Nyani hawakuambiwa habari za katikati. Walikula ile nusu, mahindi na majani yake, wakajikuna, wakaondoka.

Jumbe Ndaro akampelekea Mashavu jogoo. "Mwambieni binti Chande ahsante. Amenitendea haki. Amenipa nafasi sawa na ya wakulima, na mimi shamba sina."

Mashavu alimla yule jogoo. Hakuona ladha yake.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penyewe.

Sikudhani alikuwa ameposwa ng'ambo ya mto. Ilibaki siku moja tu harusi ifanyike. Bibi harusi atavuka daraja na shangazi zake, masanduku kichwani, ngoma mbele. Na chini ya daraja lile mto haukuwa na huruma.

Jumbe akaita. "Tangaza. Daraja limetengenezwa. Ni imara."

"Jumbe wangu," Mashavu akauliza, "umeliona?"

"Wewe binti! Wadogo huona kwa macho. Mkubwa huona kwa kusema."

Mashavu akaichukua pembe yake. Hakwenda njia panda. Alikwenda mtoni. Akaweka mguu kwenye ubao wa kwanza. Ubao ukakatika, mguu ukazama mpaka gotini. Akauchomoa, ngozi imechunika. Akatazama. Ile miti mipya waliyoikata watu kwa ajili ya daraja haikuwapo hata mmoja. Akakumbuka mahali alipoiona. Ilikuwa imesimama wima, imepakwa mafuta, imeshikilia paa la baraza jipya la Jumbe Ndaro.

Akakimbia nyumbani akichechemea. Shangazi walikuwa wamemzunguka Sikudhani, wanampaka hina.

"Jumbe amesema daraja ni imara," Mashavu akaanza, anahema, "lakini—"

Lo! Shangazi walipiga vigelegele vilivyotikisa paa. Ile 'lakini' ikamezwa nzima nzima. Mmoja tayari alikuwa anafunga sanduku.

"Dada, umesema imara, sivyo?" Sikudhani akauliza, mikono juu, hina haijakauka.

Mashavu akamtazama. Akatazama ile miguu iliyochorwa maua. Akaelewa kosa lake lilipokuwa. Alikuwa anatanguliza neno la Jumbe kwa pembe, halafu ukweli anauburuta nyuma kwa mdomo. Nani atausubiri?

Akatoka. Akasimama njia panda. Buu! Buu! Buu!

"Daraja limeoza! Nimelikanyaga mwenyewe, ubao umekatika, huu hapa mguu wangu! Miti ya daraja ni nguzo za baraza la Jumbe! Na Jumbe, eti, asema ni imara. Daraja limeoza! Msivuke!"

Mji ukachemka kama chungu kilichosahauliwa jikoni.

Jumbe Ndaro akaja mbio, kilemba mkononi. "Lete pembe! Umevunja sheria! Umeongeza neno!"

"Neno gani, Jumbe wangu?"

"Eti! Umetia 'eti' kwenye maneno yangu! Mimi sikusema 'eti'!"

Ya miti hakuyagusa. Ya ubao hakuyagusa. 'Eti' ndiyo iliyomchoma.

Watu wakamtazama Mashavu. Kweli, sheria ni sheria. Akaikumbatia pembe ya baba yake, hakuitoa.

"Nimekosa, Jumbe wangu," akasema. "Nitaiondoa. Twende wote darajani. Usimame katikati, utamke mwenyewe kwamba ni imara. Hapo hapo nitapuliza niyarudie kama yalivyo, bila 'eti'. Ukishindwa kunikuta na kosa, pembe ni yangu. Ukinikuta nalo, ichukue."

"Haki hiyo!" watu wakapaza sauti.

"Mbebeeni Jumbe kilemba chake!" akasema Bi Mboni. "Kisije kikalowa."

Wakaenda. Bibi harusi naye akaenda na hina yake. Jumbe Ndaro akafika ukingoni. Akautazama mto. Akawatazama watu. Akanyoosha mguu. Akaurudisha. Akanyoosha mguu. Akaurudisha. Mara ya tatu hakuunyoosha. Aligeuka, akatabasamu.

"Watu wangu! Nani kawadanganya kwamba daraja hili ni imara? Limeoza! Mimi nimelisema tangu mwanzo. Ndiyo maana nimewaleta hapa mjionee. Puliza, binti Chande! Tangaza kwamba Jumbe amewaokoa watu wake!"

Pembe ikabaki mikononi mwa Mashavu. Akaipuliza. Buu! Buu! Buu!

"Daraja limeoza! Miti yake iko barazani kwa Jumbe, twendeni tukaichukue! Na Jumbe, eti, ndiye aliyetuokoa!"

Safari hii Jumbe hakudai kwamba neno limeongezwa. Angeanzia wapi?

Watu wakapanda kwenye baraza kama siafu. Nguzo zikang'oka, paa likakaa chini. Kabla ya harusi daraja likasimama. Mashavu akalivuka kwanza peke yake, kwenda na kurudi, akikanyaga kila ubao kwa kisigino. Ndipo akamshika mdogo wake mkono. Sikudhani akavuka, ngoma mbele, masanduku kichwani, na maji yakapita chini yao bila kupata kitu.

Na Jumbe Ndaro? Alibaki kwenye kiti chake, juani, akijifuta jasho. Mashavu alipopita, akamwita.

"Binti Chande! Tangaza. Baraza lisilo na paa lina kivuli kizuri zaidi."

"Sawa, Jumbe wangu. Nisogeze kwanza kiti nikae."

Akakaa. Akakaa. Akakaa mpaka kanga ikamganda mgongoni. Kisha akainuka, akaenda njia panda, akapuliza.

"Barazani kwa Jumbe kuna jua kali!"

Ngano yangu imefika, haiendi tena. Nimewapa kama nilivyopewa. Mkiisimulia kwenu, semeni mmeisikia kwangu. Msiseme mliiona.
— Tumesikia!
Na mkalale.