Nyumba ya Bi Muhanga na Wapangaji Watatu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nyumba. Nyumba ya nani?

Ya mwenyewe!

Na anayeipangisha ni nani?

Mwenyewe!

Mna hakika?

Mbona mmenyamaza? Basi kaeni vizuri, niwaambie yaliyompata Bi Muhanga.

Hapo zamani, lakini si zile za kale sana, maana wanyama walikuwa wameshapata simu za mkononi, Bi Muhanga aliishi mahali panapoitwa Kichuguuni. Muhanga mnamjua: pua ndefu, masikio marefu, kucha kama majembe, kazi yake kuchimba ardhi na kula mchwa. Bi Muhanga alikuwa mjane. Yeye na marehemu mumewe walichimba nyumba mbili, ndogo ya kuishi wao, na kubwa ya vyumba vitatu ya kupangisha. Sasa kucha zake zilikuwa zimelika. Vichuguu vigumu vilimshinda. Kodi ya nyumba ile ndiyo iliyomlisha.

Mpangaji wake alipohama, Bi Muhanga alifagia, akapiga picha. Akapiga picha ya mlango, akapiga ya vyumba, akapiga ya mtungi wa maji ulio pale nje. Akaziweka mtandaoni pamoja na nambari yake ya simu, kisha akangoja.

Siku ya kwanza, simu kimya. Siku ya pili, simu kimya. Siku ya tatu akasikia hodi.

Alikuwa Bwana Nungunungu, kabeba mkeka na sufuria.

"Nimekuja kuhamia, Bibi. Naomba nipite niingize vyombo vyangu."

"Kuhamia wapi, baba?"

"Humu. Nimeshalipa kodi ya miezi mitatu."

"Umemlipa nani?"

"Mwenye nyumba. Aliniambia, tuma leo, tuma upesi, wengine wanaigombea."

"Mwenye nyumba ni mimi, baba. Na mimi sijapokea kitu."

Hawajamaliza kushangaa, hodi ya pili. Ni Mama Nguchiro, na watoto sita nyuma yake, kila mmoja na kifurushi chake.

"Shikamoo, Bibi. Tumekuja kuhamia. Nimeshalipa."

"Marahaba, mwanangu. Umemlipa nani?"

"Mwenye nyumba. Alisema, tuma leo, tuma upesi, wengine wanaigombea."

Watoto walikuwa wameshaanza kuchagua chumba cha kulala.

Hodi ya tatu haikuwa hodi. Ilikuwa kwato. Ngiri aliingia uani kwa kishindo, na mkewe nyuma yake anatembea kwa taabu, mja mzito wa siku zake za mwisho. Mawingu ya masika yalikuwa yamekwisha jikusanya.

"Tokeni nyote!" alisema Ngiri. "Nyumba hii ni yangu. Niliambiwa tuma leo, tuma upesi, wengine wanaigombea, nikatuma. Shimo letu la zamani tumekwisha lirudisha kwa mwenyewe."

Bi Muhanga akaanza kueleza. Ngiri hakutaka kusikia.

"Picha ni za nyumba yako, mtungi ni wako, halafu unajifanya hujui? Umetupangisha watatu nyumba moja. Mwizi wewe, na uzee wako huo!"

Akaondoka mbio mpaka lamboni, mahali wanyama wote wanapokunywa maji. Kila aliyemkuta alimwambia, "Bi Muhanga ni mwizi." Akamwambia pundamilia, akamwambia twiga, akamwambia kanga na watoto wake. Ilipofika alasiri, majirani wa Bi Muhanga walikuwa wakipita mlangoni pake bila salamu.

Bi Muhanga alikaa chini akalia. Maisha yake yote hakuwahi kudhulumu hata mchwa mmoja wa jirani. Lakini alipoinua macho, alimwona mke wa Ngiri amesimama peke yake uani, ameshika kiuno, na tone la kwanza la mvua limemwangukia puani.

"Ingia ndani, mwanangu," akasema. "Habari ya nani kalipa na nani hakulipa tutaizungumza ukiwa umelala pakavu. Na ninyi nyote, ingieni."

Wakaingia. Chumba cha kwanza mke wa Ngiri, cha pili Nguchiro na watoto, cha tatu Nungunungu. Bi Muhanga akawapikia uji, kisha akasema, "Nionyesheni hilo tangazo mliloliona."

Wakamwonyesha. Picha zilikuwa zake, zote. Nambari ya simu haikuwa yake. Na kodi ilikuwa nusu ya ile aliyoandika yeye.

"Mlimwona uso?"

Hakuna aliyemwona. Nungunungu aliambiwa mwenye nyumba yuko safari, ng'ambo ya mto. Nguchiro aliambiwa hivyo hivyo. Kila aliyeomba kuiona nyumba kwanza aliambiwa haina haja, picha zinatosha.

"Ndiyo maana simu yangu haikulia," akasema Bi Muhanga. "Wote mlikwenda kwenye bei rahisi."

Asubuhi, ili mwizi asiitambue nambari yake, akaazima simu ya jirani yake Kobe, mmoja tu aliyekuwa bado anamsalimu, akaipiga ile nambari.

"Hujambo, mjukuu wangu. Nataka nyumba yako ya Kichuguuni. Ina vyumba vingapi?"

"Vitatu, Bibi."

"Mlangoni pana nini?"

"Mtungi wa maji, Bibi."

"Na masika, maji hutokea wapi?"

Bi Muhanga na mumewe walichimba mfereji wa nyuma wa kutolea maji ya mvua miezi miwili, usiku na mchana, na mfereji haukuwa kwenye picha.

"Maji hayaingii kabisa," ile sauti ikasema. "Tuma leo, Bibi, tuma upesi, wengine wanaigombea."

"Mimi kutuma kwa simu sijui, mjukuu wangu. Kodi ya mwaka mzima ninayo hapa kikapuni. Tukutane lamboni nikukabidhi mkononi."

"Ya mwaka mzima? Nakuja sasa hivi."

"Si uko ng'ambo ya mto?"

"Mto umepungua, Bibi."

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Bi Muhanga akaenda lamboni na kikapu chake. Nungunungu akajificha kwenye majani upande huu, Nguchiro upande ule. Ngiri naye alikuwapo, bado anamsema.

Mara akatokea Bweha, manyoya kayachana. "Shikamoo, Bibi. Mimi ndiye mwenye nyumba ya Kichuguuni."

"Sema kwa sauti, masikio yangu mazito."

"Mimi ndiye mwenye nyumba ya Kichuguuni! Tumekubaliana ya mwaka mzima, upesi, wengine wanaigombea!"

Ngiri aliyajua maneno yale. Akageuka. Bweha akataka kukimbia huku, miiba. Huku, meno ya Nguchiro. Huku, pembe za Ngiri. Akakaa chini.

Nyati, msimamizi wa lambo, akaamua Bweha arudishe vya watu. Vya Nungunungu na vya Ngiri vilipatikana. Vya Nguchiro alikuwa ameshavila. Akahukumiwa kumchimbia Nguchiro nyumba, chini ya macho ya Nyati, mpaka iishe. Na mpaka iishe, Bi Muhanga akamwachia Nguchiro chumba kile bure.

Tangu siku hiyo Bi Muhanga aliandika jina lake juu ya kila picha. Kila wiki aliitafuta nyumba yake mtandaoni aone kama haijapata mwenyewe mwingine. Na tangazo lake lilianza hivi: "Usilipe kabla hujafika mlangoni ukaniona mimi."

Ngiri je? Mkewe alizaa watoto wanne katika chumba cha kwanza. Naye alirudi lamboni, akaanza na pundamilia, akaenda kwa twiga, akaenda kwa kanga, akamwambia kila mmoja: "Nilisema Bi Muhanga ni mwizi. Nilisema uongo." Ilimchukua siku tatu. Alipomaliza, alikwenda kupiga magoti mbele ya Bi Muhanga.

Basi, mwenye nyumba, ilinde picha ya nyumba yako kama unavyolinda mlango wake. Mpangaji, anayekuharakisha ulipe usichokiona hana cha kukuonyesha. Na aliyeibiwa asimtukane aliyeibiwa mwenzake. Wakae pamoja, wamtafute mwizi.

Ngano yangu nimeifikisha. Iliyo tamu gawaneni, iliyo chungu niachieni mwenyewe niimeze.