Kanga Mbele ya Baraza la Kakakuona

Hadithi inakuja, wenzangu!

Ije, tumekaa tayari!

Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde moja walikuwa na sheria: aliyekula mtoto wa mwenziwe asitawale. Mwamuzi wao alikuwa Kakakuona.

Siku moja Kanga alirudi kiotani, akakuta manyoya tu. Watoto wote watano wameliwa. Akamwona Mbweha akienda zake, anajilamba midomo. Kanga alilia mpaka sauti ikamkauka.

Mwezi haukuisha, Mbweha akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiomba utawala. Kanga akaenda barazani.

"Mzee wangu, Mbweha amekula wanangu. Hafai kutawala."

"Pole, mwanangu. Lakini jina lake halijatangazwa. Umewahi mno."

Kanga akarudi. Jina la Mbweha likatangazwa ng'ambo ya mto, siku ambayo maji yalikuwa yamejaa. Maji yalipopungua, akavuka mbio.

"Mzee wangu, nimekuja."

"Muda wa pingamizi ni siku mbili, mwanangu. Leo ni ya tatu. Umechelewa."

"Mto ulijaa, mzee!"

"Sheria haikutaja mto."

Mbweha akachaguliwa, akaapa, akakaa kitini. Kanga akaja mara ya tatu, akayaweka chini manyoya ya wanawe.

Kakakuona hakuyatazama. "Mtawala hashtakiwi mpaka aondoke kitini. Subiri."

"Ataondoka lini?"

Kakakuona akajikunja, akawa magamba matupu.

Kanga akasubiri. Mbweha akanenepa, na viota vikapungua mwaka hadi mwaka. Kila mama aliyekwenda kushtaki aliambiwa neno lilelile: subiri.

Mwaka wa kumi na mbili Mbweha alichoka, akaacha kiti kwa hiari yake. Kesho yake Kakakuona akafungua baraza.

"Sasa njia iko wazi. Aitwe Kanga!"

Akaitwa mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu, Njiwa akajibu kutoka juu ya mti:

"Mzee, Kanga alikufa masika yaliyopita. Siku ile ya mwisho alikuwa anauliza kama ameitwa."

Kakakuona akainamisha kichwa. Kisha akasema, "Mlalamikaji hayupo. Shauri limefungwa."

Pale barazani Mbweha akasimama, akajinyoosha, akaenda kwake kulala.

Funzo ni hili, wenzangu: sheria ikimlinda mkosaji hadi anayelia afe, hiyo ni dhuluma, hata ikisemwa kwa upole. Mkipewa kuamua, mwamulieni mtu angali hai.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Atakayeiokota, aende nayo kwao.