Ufunguo wa Mzee Shemhina

Sogeeni, lakini mikono yote iwe mahali ninapoiona. Hadithi hii ni ya chakula, na mimi kila nikisimulia chakula, kinapungua.

Huko milimani Lushoto waliishi ndugu watatu wa tumbo moja. Salehe alikuwa muuza nyama. Akibonyeza mnofu kwa kidole alijua kama utaiva upesi au utakutoa jino. Mwanahawa alilima viazi, na kisu chake kilitoa vipande vya unene mmoja hata akiwa anapiga soga na jirani. Zahabu, kitinda mimba, alijua moto. Alisikiliza mafuta tu, akajua la kufanya.

Baba yao, Mzee Shemhina, alikuwa na kipaji kimoja: kushuku. Tangu alipoumwa tumbo baada ya chakula cha msibani, alishikilia kwamba amelishwa kitu. Akawa hali ila mayai ya kuchemsha na ndizi, navyo anavimenya mwenyewe. Alikonda mpaka watoto wakaogopa, maana mama yao walishamzika.

Mchana mmoja akawaita.

"Nimechoka na mayai. Nipikieni nyama na viazi, kikaango kimoja, hapa mbele yangu, na viive upesi kabla macho hayajachoka. Nikila, mmoja wenu nitampa ufunguo wa chumba changu, awe ndiye wa kuniuguza. Mmoja tu. Watatu siwezi kuwachunga."

Salehe akaleta sarara, mnofu laini wa mgongoni. "Nimeikata mwenyewe, baba. Hakuna aliyeigusa."

"Isipokuwa wewe," mzee akasema.

Mwanahawa akaosha viazi mara tatu, akavikata vyembamba ili viive pamoja na nyama.

"Mbona unaviosha sana? Vina nini?"

Zahabu akabandika kikaango. Akaigeuza nyama ikashika rangi pande zote, akaisogeza pembeni, akamimina viazi kwenye mafuta yale yale, akatia chumvi na kitunguu saumu, akafunika. Mzee akataka kifuniko kitoke.

"Nikifunua sasa vitabaki vibichi ndani. Nivumilie kidogo, baba."

Mzee alivumilia huku akimtazama vidole.

Chakula kikaiva, na harufu yake ikammezesha mzee mate. Sasa, desturi ya kwao ni mpishi aonje kwanza, mlaji aone kwa macho yake. Salehe akachukua kipande cha nyama yake. Mwanahawa akachukua kiazi chake. Mzee akakisukuma kikaango.

"Kila mtu ameonja cha kwake. Kumbe hata ninyi mnashukiana."

Wakaona haya, kwa sababu ndivyo ilivyoonekana. Zahabu akachukua nyama na kiazi pamoja, akala. Mwanahawa akamfuata, hata hakutazama alichookota. Salehe alikishika kipande cha kiazi muda mrefu, akaitazama mikono ya Zahabu, kisha naye akakitia mdomoni akameza.

Mzee akangoja. Hakuna aliyeanguka. Akala, akala tena, mpaka akafuta kikaango kwa kidole. Kisha akauweka ufunguo katikati yao.

"Mimi nilitangulia kula vyote viwili," Zahabu akasema.

"Ulitangulia kwa kuwa ulijua ulichotia," Salehe akamjibu. "Mimi nilidhani nakufa, na bado nilikula ili baba ale."

Mwanahawa akasema taratibu, "Mimi sikudhani chochote. Nilikula kilichopikwa na mkono wa mdogo wangu."

Mzee aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa ameshiba, na bado hakujua la kufanya.

Basi, msikilizaji: mmoja alikula akijua, mmoja alikula akiamini, mmoja alikula akiogopa. Je, wewe ungemkabidhi nani ufunguo? Na kabla hujanijibu, niambie: siku utakapokuwa huwezi kuinuka kitandani, ungependa mlango ufunguliwe na yupi kati yao?