Kiboko na Jani la Bi Siwema

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa mmea.

Na mwenye njaa?

Akae mbali na mmea.

Haya, sogeeni. Hapo kale alikuwepo chura mmoja, jina lake Bi Siwema. Alikuwa mdogo, kimo cha kifundo cha mguu wako, lakini bustani yake ilikuwa safi kuliko ya jirani yako, na jirani mwenyewe namjua. Mlangoni kwake palikuwa na kidimbwi, na kando ya kidimbwi alipanda mgimbi. Aliupa majivu ya jikoni, akaufunika miguu kwa majani makavu ya mgomba, na kila asubuhi aliufuta vumbi kwa kitambaa chenye maji. Ukatoa jani pana kama ungo.

Chini ya kivuli cha jani hilo, ndani ya kidimbwi, walicheza watoto wake, viluwiluwi, bado hawana miguu. Kiangazi kilikuwa kikali. Jani likiondoka, jua litakausha kidimbwi, na watoto watakufa. Bi Siwema alilijua hilo, usiku akawa halali usingizi.

Siku moja akasikia, tindi, tindi, tindi. Kiboko huyo, mwenye mto, mla vyote. Bustani za wenzake alikwisha kuzimaliza.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Pisha nile."

Bi Siwema akasogea kando.

"Karibu ule, Mzee. Ila koo lako vipi leo?"

Kiboko akakohoa. Jana alikula magimbi ya watu, majani kwa mashina, na koo lilimwasha usiku kucha.

"Linawasha."

"Si ulikula majani machanga? Jani la mgimbi haliwashi likishaiva. Na hili litaiva siku litakapokufunika wewe mzima, kuanzia pua mpaka mkia. Hapo ni tamu, Mzee, sina la kusema."

Kiboko akaangalia jani. Akajiangalia tumbo.

"Linakuaje upesi?"

"Kwa maji. Maji mengi, ya mtoni, ya kila siku. Mimi mdomo wangu mdogo."

Basi kila asubuhi Kiboko alikwenda mtoni, akajaza mdomo, akapanda, tindi, tindi, tindi, akamwaga, pwaaa. Mgimbi ukanywa, kidimbwi kikajaa. Kisha akaingiza kichwa chini ya jani, taratibu, maana Bi Siwema alimwambia mmea haupendi kushtuliwa.

"Bi Siwema, nimefunikwa?"

"Pua imefunikwa, Mzee. Masikio bado."

Kesho yake tena, tindi, tindi, tindi, pwaaa.

"Nimefunikwa?"

"Sikio moja, Mzee. La pili liko juani."

Jani kongwe likawa manjano, likaanguka, likaja jingine kubwa kuliko la kwanza. Kiboko akajifunza kulifuta vumbi kwa pua yake iliyolowa. Siku nyingine alimkaripia mbuzi aliyepita karibu. Siku nyingine alikuja na samadi, hakuambiwa na mtu.

"Nimefunikwa?"

"Masikio yote mawili, Mzee. Shingo bado."

Mwisho mvua ikanyesha. Watoto wa Bi Siwema walikuwa wameota miguu, wakaruka mmoja mmoja, chupu, chupu, chupu, wakatokomea nyasini. Bi Siwema akawatazama mpaka wa mwisho, akalia kwa furaha, kisha akamgeukia Kiboko.

"Mzee, kula sasa."

"Mkia wangu je? Unalowa."

"Mkia wako hautafunikwa, hata ningepanda jani kubwa kama paa la nyumba. Nilikudanganya. Nilitaka maji kwa ajili ya wanangu. Sasa wamekwenda, na jani ni jasho lako. Kula."

Kiboko akalitazama jani. Matone yalipiga juu ya jani, ta, ta, ta, na kichwa chake kilikuwa kikavu. Akafungua mdomo, mdomo ule uliomaliza bustani nzima. Hapo akaona, katikati ya shina, jani jipya limejikunja kama mkeka.

"Hili dogo linafunguka lini?"

"Labda keshokutwa."

Kiboko akafunga mdomo.

"Basi nisubiri nilione," akasema, akaondoka polepole kwenda kula nyasi.

Ngano yangu nimeitua hapa. Atakayeiokota aimwagilie kwake.

Na funzo lake, watoto, ni hili: ukiona jani zuri, ulile papo hapo. Usilitie maji hata kidogo. Ukilitia maji utalipenda, na ukilipenda utalala njaa.