Mikutano Mitatu ya Kuokoa Kuni

Paukwa?

Pakawa.

Hiyo pakawa ya wavivu. Paukwa?

Pakawa!

Haya. Pakawa na bonde, na bondeni pakawa na wanyama, na kila mnyama akawa na jiko lake.

Hapo zamani za kale, msitu wa bonde hilo ulikuwa umebaki kiraka, na masika yalikuwa karibu. Bwana Ngiri, mkubwa wa bonde, akaitisha mkutano wa kuokoa kuni. Akataka kila nyumba ilete mzigo wa kuni kavu, maana wajumbe hawawezi kujadili kwenye baridi.

Wakaja. Moto ukawashwa mkubwa, viazi vikachomwa, Ngiri akahutubia mpaka kuni zikaisha. Wakaazimia kukutana tena.

Wakakutana tena. Mzigo kila nyumba, moto mkubwa, viazi, hotuba. Wakaunda kamati.

Wakakutana mara ya tatu. Mzigo kila nyumba, moto mkubwa, viazi, hotuba. Wakapongezana, wakarudi kwenye nyumba zisizo na hata kijiti.

Bi Digidigi alitoa mizigo yake kama wengine. Lakini kwake maharage yalilowekwa tangu jana, chungu kilifunikwa, na chakula kikiiva alichomoa kuni, akafukia kaa jivuni. Kwa hiyo akabakiwa na kuni kidogo. Ngiri alimcheka, akasema huo ni ubahili tu, hauna hata kamati.

Masika yakaja. Moto ukazimika nyumba hadi nyumba. Watoto wa Ngiri wakalia kwa baridi na njaa, na bondeni kote likabaki kaa moja tu la moto, lile la Bi Digidigi.

Ngiri akaenda kupalia moto. Bi Digidigi akalipasua kaa lake, nusu akaiweka juu ya kigae.

“Kimbia nalo, Bwana Mkubwa,” akamwambia. “Watoto wanatetemeka.”

Ngiri akageuka, akawaona majirani wamejaa mlangoni wakingoja zamu. Masikini, hakuweza kujizuia.

“Kabla sijaondoka,” akasema, “niseme maneno mawili matatu kuhusu kuokoa moto.”

Akasema kuhusu moto. Akasema kuhusu msitu. Akasema kuhusu kamati. Alipotazama kigae, kilikuwa na jivu tupu.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu watoto walisikika wakilia. Mimi ningecheka, ila sikuwapo.

Mama Ngiri akaja amelowa chapachapa, na watoto wake nyuma. Bi Digidigi akawasha moto kwa ile nusu ya kaa iliyobaki. Wakapika wote pamoja, chungu kimoja, moto mmoja, na watoto wakapata joto. Ngiri akapewa kazi ya kushika kifuniko. Kila alipotaka kuhutubia, mkono ulilegea, mvuke ukatoka.

“Funika, baba watoto,” mkewe akamwambia.

Basi wanangu, jifunzeni: moto huokolewa na anayefunika chungu, si anayefungua mkutano.

Hadithi yangu imeiva, nimeipua. Ikiwa tamu, kuleni wote. Ikiwa imeungua, mlaumuni Ngiri.