Sanda Iliyofumwa Kabla ya Wakati

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, habari ya mfumi mmoja wa nguo aliyeishi viungani mwa mji wa Mosuli, jina lake Wahban bin Sabiq, mtu mpole, mcha Mungu, asiyekosa sala ya jamaa. Mkewe alikuwa Lubaba, binti wa ami yake. Lubaba akisokota uzi, mumewe akifuma, na kwa miaka thelathini nguo iliyotoka katika nyumba ile ilikuwa na mistari ya kukingama, ya buluu na nyeupe, ambayo watu wa sokoni waliitambua bila kuuliza.

Mola akamjaribu Lubaba kwa uvimbe katika titi la kushoto. Tabibu alipouona aliuita saratani, akasema utachomwa kwa chuma cha moto kila Jumatatu kwa Jumatatu saba, na siku za katikati mgonjwa anywe dawa ya mizizi iliyo chungu kama shubiri. Wahban alimsindikiza hadi mlangoni, akamwuliza kwa sauti ya chini kama mkewe atapona.

Tabibu akajibu, "Huenda dawa ikashika, na huenda isishike. Ajuaye ni Mwenyezi Mungu."

Jawabu hilo lilimwingia Wahban vibaya. Alirudi ndani akitabasamu, akamwambia mkewe kwamba atapona inshallah na wala asiwe na wasiwasi. Lakini kila Jumatatu tabibu alipofika na vyuma vyake, na mwanamke jirani akaitwa amshike Lubaba, Wahban alikwenda kukaa kwenye mtambo wake wa kufumia katika chumba cha pili, akafuma kwa nguvu ili asisikie. Tusiharakie kumlaumu. Sisi wanaume jambo likitushinda hukumbuka ghafla kwamba tuna kazi, na huenda wamo miongoni mwa wasomaji wangu waliokwisha kufanya vivyo hivyo.

Baada ya Jumatatu ya tatu Lubaba alikonda sana, hata pete ikawa inamvuka kidoleni. Hapo kukata tamaa kulimjia Wahban, nako kulikuja kumevaa nguo za wema. Alijiambia, mwanamke huyu amenisokotea uzi umri wake wote, haifai azikwe katika kitambaa cha kununua. Akautwaa uzi mweupe aliousokota Lubaba kabla hajaugua, akaanza kumfumia sanda. Alilia huku akifuma, na machozi yale yakampa raha, akadhani anatimiza haki ya mkewe.

Alisahau kwamba nyuma ya ukuta alilala mtu aliyeusikiliza mtambo ule kwa miaka thelathini. Nguo ya mistari humlazimu mfumi kusimama kila mara abadilishe rangi ya uzi. Lubaba alisikia mtambo ukienda asubuhi nzima bila kusimama, siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Hakuuliza. Akamtuma jirani amletee kapu lake la uzi, akakuta uzi mweupe wote umekwisha na wa buluu haujaguswa.

Alistahimili chuma cha Jumatatu ya nne. Jumatatu ya tano tabibu alipobisha hodi, Lubaba alimwambia jirani, "Mwambie arudi zake. Mimi nimemaliza."

Wahban akaja mbio, uzi ukiwa bado umemng'ang'ania mikononi. "Binti wa ami yangu, zimebaki tatu tu. Usikate tamaa na rehema ya Mola wako."

Lubaba akamwuliza, "Mume wangu, unafuma nini huko?"

Kabla ya maradhi haya Wahban hakuwahi kumdanganya mkewe. Sasa jibu jepesi lilikuwa tayari kinywani, kwamba anafuma kitambaa cha mteja, na lau angelisema hivyo, hapana shaka Lubaba angelinyamaza. Tabibu alikuwa amesimama mlangoni na chuma chake kinapoa. Wahban akaona kwamba akisema uwongo mkewe atakufa peke yake, hata kama yeye ameketi kando yake.

Akasema, "Nafuma sanda yako."

"Nimejua tangu nilipolitazama kapu langu la uzi," akasema Lubaba. "Nilikuwa naumeza uchungu wa ile dawa kwa sababu ulimi wako uliniambia nitapona. Kumbe mikono yako imekwisha kunizika. Basi nichomwe kwa ajili ya nani?"

Wahban akaanguka magotini akalia, na safari hii machozi hayakumpa raha yoyote. "Niliogopa," akasema. "Niliogopa uniondokee nami sijakufanyia kitu."

"Ungeniletea hofu yako tungeibeba wawili. Mimi nami naogopa. Kila Jumatatu naogopa, na zile za mwanzo nilipokusikia unafuma nilisema, mwenzangu ana imani kubwa, nisimsumbue." Akapumzika kidogo, kisha akauliza, "Tabibu alikwambia nini siku ile mlangoni? Niambie kama alivyosema."

"Alisema huenda dawa ikashika, na huenda isishike."

"Hakusema nitakufa?"

"Hakusema," akajibu Wahban. "Niliyesema ni mimi."

Lubaba akafumba macho, na mdomo wake ukalegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha akasema tabibu aingie, kwa sharti kwamba mumewe asitoke. Wahban akamshika mikono yote miwili, akasikia kila alichokuwa akikikimbia, na ilipokwisha alikuwa amelowa jasho kuliko mgonjwa.

Sanda ile waliimaliza, wakaitoa sadaka kwa msafiri aliyefia mjini bila jamaa. Wahban akahamishia mtambo wake chumbani mwa mkewe, akamwuliza amfumie nini.

"Nguo ya Idi," akasema Lubaba. "Nyekundu."

"Nyekundu, kwa umri huu?"

"Mbona sanda hukuniuliza umri?"

Kwa mara ya kwanza tangu maradhi yaingie, wakacheka katika nyumba ile, naye Lubaba akashika ubavu kwa maumivu huku akicheka.

Wasimulizi wamekhitilafiana juu ya yaliyofuata. Wako wasemao Lubaba aliishi miaka kumi na miwili baada ya hapo, na wako wasemao hakuivuka Idi ya pili. Wote wameafikiana kwamba Idi ile ya kwanza alikwenda uwanjani kuswali akiwa amevaa nyekundu, akitembea polepole, na mumewe akipunguza hatua ili waende sawa.

Watu walimwuliza Wahban baadaye kama alikuwa na yakini mkewe atapona. Akasema, "Sikuwa nayo. Nilimwomba Mola wangu uzima wake kila siku, na Jumatatu tatu zilizobaki nilikuwepo."

Basi ndugu yangu, ukiwa na mgonjwa nyumbani, usimwombee uzima kwa ulimi huku moyoni umekwisha kumfanyia matanga. Mwambie kwamba unaogopa, kisha kaa naye. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa pamoja na wenzetu wakati wangali hai.