Ufunguo Mmoja wa Kambi ya Miwa

Sogeeni karibu, na mwenye haraka ya kuhukumu aizuie kwanza.

Katika kambi moja ya wakata miwa waliishi watu watatu wenye vipaji vitatu. Ntahondi, Mha kutoka Kasulu, alijua kufundisha. Sekela, Mnyakyusa, alijua kulea. Nyemo, Mgogo, alikuwa na mdomo. Aliyewafahamu wote ni Osmunda, Mngoni, mwenyekiti wa wanawake wa kambi, na uamuzi ulikuja kumwangukia yeye.

Watoto wa kambi ile walikuwa hawasomi. Familia zilikuja kwa msimu wa mavuno. Mvua zikianza, kambi inafungwa na kila mtu anapandishwa lori arudi kwao. Wazazi wakiwa shambani, mtoto mkubwa alibaki na mdogo wake mgongoni.

Ntahondi alianza. Akitoka kukata miwa iliyochomwa, uso mweusi kwa masizi, aliingia kwenye ghala tupu akaandika ukutani kwa mkaa. Wenzake walirudi shambani kukata kipande cha pili wapate nyongeza. Yeye alisema, "A, e, i, o, u," na watoto wakaitikia.

Lakini waliitikia wachache. Wengine walisimama nje wakibembeleza wadogo zao. Ndipo Sekela akaacha biashara yake ya maandazi, akatandika magunia kivulini na kusema, "Nileteeni wote." Aliwaogesha, akawafuta kamasi, akawafulia nepi. Mikono ya wakubwa ikawa mitupu, ikashika mkaa.

Kisha akaja Kikoti, mnyapara, na mkokoteni wa mbolea. Alilitaka ghala. Kikoti ni Mhehe, na Mhehe na Mgogo ni watani. Nyemo akajilaza kizingitini.

"Ondoka hapo, ombaomba wewe!"

"Siondoki, mla mbwa. Nimekufa. Nizike kwanza, na sanda ununue wewe."

"Nyemo, mimi nina kazi."

"Na mimi nina kifo. Niruke basi, mtani, tuone wewe atakuzika nani."

Watu wakaangua kicheko. Kumruka mtani aliyelala hivyo ni nuksi, na kumkasirikia ni aibu. Kikoti aligeuza mkokoteni. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, na kila alipokuja alimkuta maiti yule yule akimtukana. Siku hizo zote Nyemo hakukata muwa hata mmoja.

Msimu ukiwa ukingoni, mwalimu mkuu wa shule ya serikali iliyo jirani aliwapima watoto wale kusoma. Walisoma. Akawapokea wote.

Habari ikawafikia wakubwa wa shamba. Akaja afisa ustawi wao, Bwana Lutengano, na bango, mpiga picha na ufunguo. Alipopita kwenye mfereji wa maji machafu alifunika pua kwa leso. Akambeba mtoto, akapigwa picha, akamtua, akajifuta mikono. Ntahondi alikuwa ameshaoga. Afisa akamwambia, "Jipake masizi kidogo, kaka. Picha ipate uhai."

Ntahondi akajipaka. Osmunda akatazama pembeni.

"Mwanzilishi wa darasa anapewa chumba cha sementi," afisa akatangaza. "Atakaa mwaka mzima, na watoto wake wataendelea na shule. Wengine, kambi itafungwa kama kawaida."

"Na watoto wao waliopokelewa shuleni?" Osmunda akauliza.

"Mama, shule ni ya serikali. Sisi tunatoa chumba."

"Darasa walilianzisha watatu, na wote watatu wana watoto."

"Ufunguo ni mmoja. Wewe mwenyekiti, taja jina. Ukishindwa, nampa Kikoti aweke mbolea yake."

Wale watatu walitazamana, kisha wakaacha kutazamana.

"Bila mimi wangesoma nini?" Ntahondi akasema.

"Bila mimi angesoma nani?" Sekela akadakia. "Mavi ya watoto wa kambi nzima nimeyafuta kwa mikono hii."

"Na mngesomea wapi? Juu ya mbolea?" Nyemo akauliza.

"Nyemo, kulala nako ni kazi?" Ntahondi akamjibu.

Nyemo alikuwa amezoea kutukana kwa utani. Safari hii alitukana kweli, akamtaja mpaka mama yake Ntahondi. Sekela akatema mate chini. Afisa alikuwa anatabasamu. Alimwashiria mpiga picha aendelee.

Karaha ilimjaa Osmunda. Ilianza na ile leso, ikaongezeka na lile bango. Lakini kilichomzidi ni kuwaona watu waliokuwa wakila sahani moja wakivuana nguo kwa ajili ya kipande cha chuma, na mwenye chuma akiwacheka. Alitamani kukitupa mferejini. Akikitupa, watoto wote wanapanda lori, na mbolea ndiyo itakayolala kwenye sementi. Akitaja jina, watoto wa mmoja wanabaki darasani, na wale wawili wengine hawatamsamehe yeye Osmunda maisha yao yote.

Afisa akatazama saa. "Mama, jina."

Osmunda akafungua kinywa.

Wasikilizaji, kinywa hicho sasa ni chenu. Kuna aliyefundisha, kuna aliyelea, kuna aliyeulinda mlango. Mngemtaja nani? Na wewe unayesema hungemtaja yeyote, utawaambia nini watoto wakiwa tayari wamepanda lori?